Baiskeli Inayokula Luku

Mama mwenye nyumba wetu akimaliza sala ya alfajiri haanzi na chai, anaanza na mita. Anaiwashia tochi ya simu, anashusha miwani puani, kisha anasoma namba kwa sauti ya kuwatosha wapangaji wanne waliolala: "Kumi na moja nukta nne! Nimelala ikiwa kumi na tatu!" Halafu ananyamaza. Kimya hicho hakitaji jina la mtu, lakini kila aliye kitandani anajua kinaelekea mlango gani. Kinaelekea mlango wa tatu, uliopitishwa waya mweupe chini yake, kwa mwanamume mzima aliyenunua baiskeli inayokula luku.

Mwanamume huyo ni mimi. Naomba nijitetee hapa, kwa sababu uani kwetu nimeshashindwa.

Naishi Ngokolo, hapa Shinyanga, nafanya kazi Kizumbi. Kwa miaka mingi nilikwenda kwa bodaboda, shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, siku nikiwa na bahati ya kumpata kijana mwenye chenji. Septemba 2023 lita ya petroli ilipovuka shilingi 3,200 huko Dar es Salaam bandarini inakoshukia, nikajua kabisa kwamba sisi wa Shinyanga tutauziwa petroli pamoja na nauli yake ya kuja huku. Vijana wa kijiweni wakapandisha bei siku hiyohiyo. Bei ya mafuta iliposhuka baadaye, wao hawakupata taarifa.

Ndipo nikavunja kibubu nikanunua baiskeli ya umeme. Ni baiskeli kweli: ina pedeli, cheni, karia na kengele. Ila gurudumu la nyuma lina mota iliyonenepa katikati kama sufuria ya ugali wa watu sita, na kwenye mlingoti imebeba betri nyeusi inayolingana na tofali la kuchoma. Aliyeniuzia alisema itanibeba kilomita 40. Hakusema hiyo ni barabara ipi, upepo upi, wala mtu wa kilo ngapi.

Turudi kwenye mita, maana huko ndiko ninakoumia.

Nchi hii ina bei mbili za umeme kwa watu wa saizi yetu. Nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi inauziwa uniti kwa shilingi 100, na kodi zikishapanda juu inafika kama 122. Ukizoea kuvuka hapo unahamishwa kundi, na uniti ileile, haijaongezewa nyama wala mchuzi, inakuwa karibu shilingi 357. Kwa hiyo 1,000 ya mtu wa chini inazaa uniti 8 na ushee. 1,000 ya mtu wa juu inazaa 2.8. Nyumba yetu ilikaa upande wa chini miaka na miaka, na mama mwenye nyumba alijivunia jambo hilo kuliko anavyojivunia mwanawe aliyeko chuo. Wageni walikuwa wanapewa maji ya kunywa, kisha wanaambiwa: "Hapa kwangu tuko kwenye umeme wa mia."

Mwezi ulioingia baiskeli yangu ndio mwezi tuliohamishwa.

Kikaitishwa kikao cha wapangaji. Sasa nisikilizeni, nyie msiokuwepo. Betri yangu ni ya volti 48, ampia-saa 12. Zidisha: wati-saa 576, sawa na uniti 0.6 hivi. Ongeza kile kinachopotea kwenye chaja kwa kuwa joto, tuseme 0.7. Nachaji siku za kazi 22. Jumla uniti 15 na kidogo kwa mwezi mzima. Hata kwa bei ya juu, safari yangu ya kutwa ni shilingi 250, bei ya andazi moja na nusu. Niliyaandika haya yote kwenye karatasi, nikaipeleka kikaoni.

Mezani kwenye kikao hichohicho alikaa jirani wa mlango wa kwanza, dada mstaarabu sana, anayeuza barafu za ubuyu kwa wanafunzi. Friza yake aliileta wiki mbili kabla ya baiskeli yangu. Ni friza iliyotumika, mlango wake unafungwa kwa kamba ya katani, na inanguruma usiku kucha kama trekta la pamba. Friza ya namna hiyo, hata tukiipa heshima ya kula uniti moja na nusu tu kwa siku, ni uniti 45 kwa mwezi. Mara tatu yangu! Nikasema. Nikaonyesha karatasi. Mama mwenye nyumba akaivua miwani yake na kuniangalia kwa huruma.

"Baba, friza ni friza," akasema. "Friza kila mtu anaijua. Sasa wewe, toka lini baiskeli ikachomekwa ukutani?"

Wajumbe wote, pamoja na mtoto wa miaka saba aliyekuwa ananyonya ushahidi wa barafu ya ubuyu, wakaafiki.

Nilijaribu njia ya uzalendo. Nikawaambia umeme sasa upo, mgao ule wa mwishoni mwa 2023 umepita, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuwasha mitambo Februari 2024 na ukubwa wake ni megawati 2,115. Chaja yangu ni ya wati 120 na kitu. Bwawa lile peke yake, nikawaambia, linaweza kuchaji baiskeli kama yangu zaidi ya milioni 15 kwa wakati mmoja. Mama mwenye nyumba akafikiri. Akauliza: "Na bwawa hilo linapitia kwenye luku yangu?"

Tukaamua nilipe 10,000 zaidi ya wengine kila mwezi. Kwa wasiopenda hesabu: kwa bei ya juu nakula umeme wa shilingi 5,500 hivi, nalipia elfu kumi. Faida inayobaki inagandisha ubuyu.

Ungedhani mateso yanaishia uani. Nimesahau kuwaambia mji ninaoishi ni wa aina gani. Shinyanga ni mji wa baiskeli. Ardhi yetu ni tambarare, na Msukuma na baiskeli yake ni kama Msukuma na ng'ombe wake. Tofauti ni kwamba baiskeli haihesabiwi kwenye mahari. Kabla pikipiki hazijatuvamia, baiskeli ya abiria hapa iliitwa daladala, na wageni kutoka Dar walishangaa walipoambiwa wapande daladala wakaonyeshwa karia yenye mto wa sponji. Wazee wamezipitia zote: Swala ya kiwanda chetu cha taifa, Phoenix ya Shanghai, na zile nyeusi za Kihindi zenye breki za vyuma. Mtu wa hapa anabeba kwa baiskeli magunia mawili ya mkaa, au kitanda, au mgonjwa, au mbuzi aliyekaa wima kama abiria mwenye tiketi. Na anabeba kwa miguu yake. Mguu ndio cheti.

Sasa pita katikati ya watu hao umekaa wima, miguu imetulia, shati halina jasho, unateleza kimya kama mzimu. Hakuna anayekuonea wivu, wanakupa pole tu. Mama mmoja wa mboga pale Kambarage alinisimamisha akaniuliza kwa upole kama ni goti au ni nyonga.

Kwa waendesha baiskeli mimi ni mvivu. Kwa bodaboda mimi ni maskini asiyeweza kununua pikipiki. Siku moja askari wa barabarani alinipungia mkono, akaniuliza namba ya chombo. Nikamwonyesha pedeli. Akaniuliza helmeti. Nikapiga kengele. Akaizunguka baiskeli mara mbili, akaikanda ile mota kwa kidole kama anayenunua parachichi, akaniambia niende, lakini niende polepole ili aendelee kufikiri.

Vijana wa kijiweni ndio wananichosha zaidi. Nikipita wanaita, "Mzee, imejaa asilimia ngapi?" Huwa natamani nishuke niwape somo la historia: hilo jina lenu la bodaboda lilianzia kwenye baiskeli, miaka ya 1960 huko mpakani Busia, watu wakivushwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Mliazima jina kwetu sisi wa pedeli. Na Kigali baadhi ya wenzenu wameshaacha petroli, wanabadilisha betri kituoni kama mtu anayebadilisha chupa tupu ya soda. Na Jinja, Uganda, kuna shirika linaitwa FABIO linalosambaza baiskeli za umeme hadi kwa wahudumu wa afya wa vijijini. Lakini somo linataka kusimama, na nikisimama watataka kuijaribu. Wa mwisho kuijaribu alirudi baada ya dakika arobaini na akaniambia breki za mbele "zimechoka kidogo".

Nikaenda kwa fundi baiskeli, mzee wangu wa siku zote, aliye chini ya mwarobaini tangu mimi nina nywele. Breki akatengeneza. Kisha nikamwambia tairi la nyuma lina pancha. Akachukua spana, akainama, akauona waya unaotoka kwenye ekseli. Akaiweka spana chini taratibu, kama mtu aliyefunua kapu akakuta nyoka.

"Hii siyo baiskeli, mwanangu. Hii ni redio. Nenda kwa fundi redio."

Fundi redio yuko mtaa wa pili. Alivaa miwani, akachungulia, akagusa tairi. "Mimi sizibi pancha, kaka. Hii ni baiskeli."

Niliisukuma kati ya mafundi hao wawili mara tatu mchana wa jua la Oktoba, jua lile ambalo hata mbwa wa Shinyanga anavuka barabara akiruka. Mwishowe nikawakutanisha. Fundi redio akachomoa waya, fundi baiskeli akaziba pancha, kila mmoja akidai elfu tatu, na kila mmoja akinionya kwamba kazi ya mwenzake ikiharibika yeye hayumo.

Jua hilohilo ni adui wa betri. Kijitabu chake kinasema isiachwe kwenye joto kali, kwa hiyo nikifika kazini naichomoa naingia nayo ofisini nimeipakata. Wenzangu wameshaizoea. Mlinzi wa zamu anaiuliza hali kabla ya kuniuliza mimi.

Mvua nazo nizipitie haraka, maana nikikumbuka mgongo unauma. Udongo wetu mweusi wa mbugani ukilowa unageuka gundi. Mwezi Desemba nilikata njia ya mkato, nikaenda mita mia hivi, tope likajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma kabisa. Mota ikajaribu, ikanung'unika, ikazima. Mwenye Phoenix akikwama hivyo anaibeba begani anaondoka nayo. Yangu ina kilo zaidi ya thelathini. Niko pale katikati ya mbuga, viatu vimebaki nyuma, akapita babu mmoja, suruali ameikunja magotini, baiskeli yake begani.

"Mwangaluka, ng'wanawane."

"Mwangaluka, babu."

Akasimama akaitazama yangu. "Hiyo ndiyo ile inayotembea yenyewe?"

Nikakiri.

"Basi iambie itoke," akasema, akaenda zake.

Nimevumilia yote hayo. Kilichonifikisha hapa nilipo ni safari ya Geita.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni mchimbaji mdogo huko Mgusu. Aliazima hela kwangu wakati wa rashi moja ya dhahabu, akasema atarudisha "duara likitema", yaani shimo lao likitoa dhahabu. Duara halikutema. Nikaamua kumfuata, na kwa kuwa nauli za bodaboda za machimboni zinapangwa kana kwamba kila abiria ana gramu mfukoni, nikasema nakwenda na chombo changu. Kondakta wa basi alinitoza nauli ya baiskeli, halafu akaiona betri nimeipakata akanitoza nayo, akidai inakaa kwenye siti. Nilikuwa nimeipakata! Safari yenyewe siku hizi ni tamu. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na pale tulipokuwa tunasubiri kivuko hadi tunajua majina ya wauza karanga tulipita nikiwa bado natafuta simu nipige picha.

Geita nikafika jioni, nikatafuta gesti. Dada wa mapokezi alikuwa mchangamfu mpaka alipoona nilichokuwa nacho kwapani. Fikiria mwenyewe: uko kwenye mji wa dhahabu, usiku unaingia, mgeni asiyejulikana anataka chumba, na amekumbatia boksi jeusi zito lenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "baruti hatulazi."

Nikamwambia ni ya baiskeli. Akasema ndiyo, wote huwa wanasema hivyo. Aliitwa meneja, akaitwa mlinzi, akaitwa mteja mmoja aliyesemekana amefanya kazi ya kulipua miamba. Mtaalamu huyo aliisogelea, akaipiga piga, akatoa hukumu kwamba ni betri, lakini akaomba chumba chake kihamishiwe upande wa pili wa jengo.

Asubuhi nikaanza safari ya Mgusu, nikagundua jambo ambalo Shinyanga halikuwahi kunisumbua: milima. Mota yangu ilikuwa haijawahi kuuona mlima. Wa kwanza ilipanda ikilia kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Wa pili nikaisaidia kwa pedeli. Wa tatu nikashuka nikaisukuma, na watoto wa shule wakanisaidia bila kuombwa, wakiimba.

Machimboni ndiko mahali pekee duniani ambapo baiskeli yangu imepewa heshima. Pembeni makarasha yanasaga mawe, vumbi limewapaka watu wote rangi moja, na hakuna aliyeuliza habari ya goti wala nyonga. Swali lilikuwa moja: "Hii ni gramu ngapi?" Kule kila kitu kina gramu. Pikipiki ina gramu, kiwanja kina gramu, nadhani hata shemeji ana gramu ila zimepungua. Nilipotaja bei kwa shilingi, wakaigeuza papo hapo kwa bei ya dhahabu ya asubuhi hiyo, wakaniambia nimeuziwa ghali.

Shemeji alinipokea kwa furaha ya mtu asiye na hela. Tukala wali na maharage kwa mama lishe, kwa jina langu. Giza lilipoanza kuingia akanisogelea na kijana mwembamba mwenye koleo mfukoni.

"Shem, jenereta letu limekufa, na leo kuna kazi ya usiku. Tuazime hiyo betri, asubuhi unaikuta hivihivi."

Nikasema haiwezekani, betri ni ya volti 48 na taa zao ni za volti 12, zitaungua. Kijana hakunijibu. Akachukua taa nne, akaziunga moja baada ya nyingine kwa mfuatano, mkia wa hii kwenye kichwa cha ile, akagusisha. Zote nne zikawaka vizuri kabisa. Kumi na mbili mara nne. Mimi niliyetembea na karatasi ya hesabu mwezi mzima sikuwa nimeliona hilo. Nikaona aibu, na mwenye aibu hawezi kukataa.

Taa nne za wati 12, tangu giza lilipoingia hadi zilipozima zenyewe.  Chaji iliyobaki baada ya milima waliila yote, hawakubakiza hata ya kuwashia kengele kama kengele ingekuwa ya umeme. Asubuhi wakanirudishia betri imefutwa vumbi vizuri, na badala ya hela yangu shemeji akanifungia kwenye karia kiroba cha mawe, kilo ishirini hivi. "Haya ni ya leo usiku, shem. Yamechimbwa kwa taa yako. Kasage mwenyewe, kitakachotoka ni chako, tumemalizana."

Kwa hiyo nikaondoka Mgusu kwa pedeli, baiskeli ya kilo thelathini, betri tupu na kiroba cha mawe, milima ileile ikiwa upande mbaya. Kondakta wa kurudi alitoza mawe pia.

Nilifika Ngokolo usiku, nikakiacha kiroba ukutani chini ya mita kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukifikisha mlangoni. Alfajiri nikasikia sala imeisha. Nikasikia kandambili zinakwenda kwenye mita. Nikajikunyata kusubiri namba. Haikusomwa. Badala yake mlango wangu ukagongwa, taratibu.

"Baba, umerudi salama? Hicho kiroba ni cha kutoka Geita?"

Nikasema ndiyo, mama, ni mawe ya machimboni kwa shemeji.

"Ya... dhahabu?"

Nikasema hayajasagwa.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Chaja yangu anaichomeka mwenyewe jioni, nikisahau ananikumbusha. Elfu kumi ya nyongeza haijatajwa tena. Dada wa barafu ndiye aliyeitiwa kikao. Juzi shemeji kanipigia simu akaniambia mawe mengine ya usiku ule wameshayasaga, yote, na kilichotoka hakikumtosha hata mwenye karasha. Nimeshindwa kupata wakati mzuri wa kulifikisha jambo hilo kwa mama mwenye nyumba. Jana amenunua kufuli jipya na mnyororo. Amekifunga kiroba kwenye nguzo. Baiskeli imelala nje.